Jogoo wa Nadhiri

Jogoo mweupe alikuwa amefungwa kamba mguuni chini ya meza ya vitenge, na ole wake ambaye angemgusa. Soko zima la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, lilijua habari zake. Elise, mwenye meza, aliweka nadhiri mbele ya wanawake wenzake waliotoka Butembo kama yeye.

"Mungu akinipatia yenye naomba juu ya masomo ya Chérie, huyu jogoo namupeleka kanisani. Akikatala, tutamukula na bugali."

Wanawake wakasema amina. Nani asingesema? Chérie, binti yake, alikuwa amemaliza kidato cha sita, alama zake si haba wala si za kutisha, na alitaka kitu kimoja tu: uuguzi. Popote pale, alimradi aondoke kwenye meza ile. Tangu dada yake Kavira aende kusoma Kampala, akaolewa hukohuko na asirudi hata Krismasi, vitenge vyote vilikuwa vya Chérie kukunja. Mama mtu naye alibadilika. Zamani aliitwa Mama Kavira. Sasa ukimwita hivyo haitiki.

Maombi ya chuo walikwenda kuyafanyia Kasese, ofisini kwa Mwalimu Nobert, mtu mpole anayependa kueleza.

"Usiombe vigumu vitupu," alimwambia Chérie. "Weka kimoja cha kujaribu bahati, kimoja cha saizi yako, na kimoja ambacho kitakuchukua hata mvua inyeshe. Kuna chuo cha uuguzi kule Arua. Wenye alama kama zako karibu wote wanaingia."

"Arua iko wapi?" Elise akauliza.

"Mbali, mama. Kaskazini kabisa."

Elise akasogeza kiti karibu na meza. "Na yenye kukatala batu mingi, ni gani?"

Mwalimu akacheka. Akamtajia vyuo vitatu vya udaktari, ambako maelfu huomba na wachache mno huchukuliwa.

"Andika ile tatu. Mutoto wangu si wa kuomba kadogo-kadogo."

"Mama, alama zangu hazifiki," Chérie alisema. "Niachie hata ile moja ya Arua. Tafadhali, mama."

"Ni mimi mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Mwalimu alijaribu tena, akashindwa. Alijaza huku akitikisa kichwa, na moyoni akimsifu, maana mzazi mwenye ndoto kubwa kiasi hicho kwa binti yake alikuwa hajamwona. Elise hakuinuka kitini mpaka maombi yalipotumwa. Chérie alilia njia nzima kurudi nyumbani Bwera. Mama yake akamnunulia nanasi.

Kungoja kulimkaba Chérie. Asubuhi kutandaza vitenge, jioni kuvikunja, na wateja wakimuuliza, "Daktari wetu, majibu bado?" Akawa anatabasamu tu, afanyeje? Jogoo alinenepa. Elise alimlisha mahindi kwa mkono wake mwenyewe, na kila siku alipita kanisani kusali kabla ya kufungua meza.

Majibu yalitoka Jumamosi. Chérie aliangalia kwenye simu, akaangalia tena. Wamemkataa kotekote. Akakaa juu ya robota la vitenge asiweze hata kulia. Wanawake wakaja kutoa pole. Mmoja alimkumbatia Elise akamwambia Mungu ana mipango yake, na Elise akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nyumbani, Chérie alibandika maji jikoni, akanoa kisu. Hakutaka kusubiri aambiwe. Alimfungua kamba jogoo waliyerudi naye kutoka sokoni, akamlaza chini, akamkanyaga mabawa.

"Wacha kisu," mama yake alisema kutoka mlangoni. Mkononi alishika kitenge chake cha misa, kimeshapigwa pasi. "Huyu hatumukule. Kesho asubui namupeleka kanisani."