Baba Ataka Kwenda Sokoni

Okran alikuwa amelala chali chini ya gari, uani kwao, akilirudishia bomba la moshi alilotoka kulichomelea. Bomba lilikuwa limemlalia kifuani, naye akiitafutia nati ya mwisho mahali pake, aliposikia mlango wa dereva ukifunguliwa.

Gari likayumba. Jeki ikalia, na chembe za tofali lililowekwa chini yake zikamrukia mdomoni.

"Mama Okran!" baba yake aliita kutoka kwenye usukani. "Toka huko jikoni! Kabichi za kuchachushia kimchi zitaisha sokoni, wewe bado unajipamba!"

Mama walimzika miaka minne iliyopita. Mzee alikuwa amesahau, kama alivyosahau kwamba haendeshi tena.

"Baba, shuka! Niko huku chini!"

"Nani wewe? Mwizi?"

Akasikia breki ya mkono ikishushwa. Jeki ikainama upana wa kidole.

Moyo ulimdunda hadi bomba likatikisika. Okran akailainisha sauti, akaivuta kidogo kama marehemu mama yake alivyozoea.

"Baba Okran, sokoni utakwenda na kandambili? Atakayechekwa ni mimi. Shuka taratibu, mume wangu, ukavae viatu."

"Mwanamke una maneno wewe," mzee akanung'unika.

Mguu mmoja ukashuka, ukakanyaga sakafu karibu na uso wake. Ulikuwa mtupu, hauna hata kandambili. Juu yake gari liliendelea kuyumba.

"Na huo mwingine," Okran alinong'ona kwa sauti ya mama yake. "Taratibu. Na huo mwingine."