Mashuke Mekundu

Mkaguzi wa mbegu alikuwa anakuja kesho yake. Akikuta mpunga wa aina nyingine katika shamba la Mzee Nambunga, mavuno yote yangekataliwa kuwa mbegu.

Mashuke mekundu yalichomoza juu ya mengine. Ulikuwa mpunga wa marehemu mkewe, aliyekuja nao siku ya harusi na kuupanda kila msimu. Punje zilizodondoka zilikuwa zimeota tena.

"Bwana shamba alisema tung'oe," alisema jirani yake, Bi Sikudhani, aliyefuzu mafunzo ya kilimo cha mbegu mwaka uliopita.

"Nimeliandika daftarini agizo lake."

"Daftari haling'oi, shemeji."

"Mpunga uliokwisha kuzaa unang'olewa wapi duniani?"

"Hapa. Mimi nilipong'oa wangu nililia tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho."

Bi Sikudhani akainama, akashika shina la kwanza, kisha akaliachia. "Hili ng'oa mwenyewe."

Mzee akavuta. Shina likatoka na mizizi na tope lake. Akasimama amelikumbatia kifuani, asijue pa kuliweka, na mbele yake wekundu ule ukaendelea hadi mwisho wa shamba.