Shahidi Aliyeitwa Mbele ya Fisi

Fisi alishtakiwa kwa kumla mtoto wa Digidigi, na aliyemwona ni Kanga peke yake. Kanga aliogopa kufika barazani, hivyo Nungunungu, wakili wa Digidigi, akaomba Kasuku ayalete maneno yake.

Mbweha, wakili wa Fisi, alijua Kanga akimwona Fisi atapotewa na sauti. Akasimama.

"Mheshimiwa, shahidi aje mwenyewe."

"Kasuku hakosei hata neno," alisema Nungunungu.

"Lakini Kasuku hakuona kitu."

Hakimu Kobe alifikiri mpaka watu wakaanza kusinzia, kisha akakubaliana na Mbweha.

Kanga akaletwa, amenona, anatetemeka. Alipoulizwa alichokiona, sauti haikutoka. Mbweha aligeuka kumpongeza mteja wake, akakuta kiti kitupu. Fisi alikuwa ameshamrukia shahidi. Kanga alipaa hadi darini, na Fisi akabaki katikati ya baraza, manyoya yamemjaa mdomoni.

"Mheshimiwa," alisema Mbweha polepole, "naona heri Kasuku aje."

"Hakuna haja," alijibu Kobe. "Sasa mashahidi ni sisi, na tumefika wenyewe."