Kompyuta Haidanganyi

Calvin alikipangusa kiti cha karani kwa leso kabla hajakikalia. Mlinzi alimwambia, "Karibu, mwanangu," yeye akawasha kompyuta. Mtu wa kumpa shikamoo hakumwona pale.

Ilikuwa mwaka 2002. Mtihani wa moko, yaani wa majaribio, wa kidato cha nne, uliochapwa kwenye kompyuta ya pekee ya shule ile ya Kirua Vunjo, ulikuwa umeuzwa sokoni Kiboriloni siku tatu kabla haujafanywa. Wazazi wakaja juu. Ndipo akaitwa Calvin, mtaalamu kutoka Soweto, Moshi mjini, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam miezi minane na hajamaliza kuisimulia hadi leo.

"Mwizi wa siku hizi havunji mlango," alisema, vidole vikikimbia. "Na sisi hatumfuati kwa nyayo. Tunamkuta humu humu ndani."

Sylvanus, mkuu wa shule, alikuwa akijifuta jasho tangu asubuhi. Calvin alimdharau hata yeye. Mtu mzima na digrii yake, anaogopa kioo cha kompyuta.

"Huyu hapa. Mtihani umenakiliwa kwenye disketi Jumanne, saa 02:14." Akageuka. "Yaani saa nane usiku. Funguo za ofisi anakuwa nazo nani?"

Mkuu akashusha pumzi. "Usiku ni huyu," akamnyooshea mlinzi kidole. "Saa moja asubuhi ananikabidhi mimi, na hazitoki mfukoni mwangu mpaka karani wetu Gladness afike saa tatu."

Mzee Yakobo alikuwa ameilinda shule ile miaka ishirini na miwili. Askari aliyeitwa kutoka Himo akamshika mkono.

"Mimi hata kuiwasha sijui," mzee alisema.

"Ulimfungulia anayejua." Kizee cha makoti mawili, Calvin akawaza, viatu bila soksi, anauza masomo ya watoto wa watu apate hela ya pombe ya mbege. Ptuu! Watu wa namna hii ndio wanaoturudisha nyuma. "Utajifunzia gerezani."

Mzee akaomba apitishwe nyumbani amuage mkewe. Askari akazidi kuukaza mkono wake.

"Wewe dada, andika ripoti," Calvin akamwamuru Gladness. "Saa nane na dakika kumi na nne usiku."

Gladness hakuandika. "Kaka, hiyo ni saa mbili asubuhi."

"Utanifundisha kompyuta wewe?"

"Kompyuta sijui. Saa naijua." Akagusa pembe ya kioo: 04:31. Nje kengele ya uji wa saa nne ilikuwa ikilia na jua limeshapanda. "Siku kompyuta ilipoletwa, Mkuu alisema hataki saa za Kizungu ofisini kwake. Akanishurutisha niiwekee saa ya kwetu."

Askari akauachia mkono wa mzee, akaushika wa Mkuu.