Kopo Linaloonja Damu

Siku hizi, kwa amri, kopo la sukari halifunguki mpaka likudunge kidole na kuonja damu. Bibi yangu mzaa mama, Mwanakombo, ana kisukari, kwa hiyo kila asubuhi anaazima kidole changu.

"Mume wangu, lete kidole, chai inapoa!"

"Mke mwenyewe kibogoyo, sukari ya nini?"

Jana lilinidunga nikiwa natia visheti kwenye shira ya sukari. Likawaka jekundu: SUKARI IMEZIDI. Nikacheka.

"Limeonja shira, Bibi! Halijui tofauti ya mtu na kisheti."

"Basi kanawe."

Nikanawa kwa sabuni, nikajifuta kwa kanga yake. Jekundu. Nikatoa kidole cha mkono wa kushoto, ambao haukugusa shira kabisa. Jekundu vilevile.

"Bovu hili," nikasema, nikimalizia gilasi ya nne ya maji tangu nilipoamka.

Bibi aliitazama ile gilasi. Akafunika sahani ya visheti, akaivutia kwake, kisha akamimina vikombe viwili vya chai isiyo na sukari.

"Kunywa, mjukuu wangu."

Tangu nizaliwe, hajawahi kuniita hivyo.