Kombi Yenye Kitanda

Petroli ilikuwa ikidondoka tena. Viateur alikuwa amelala chali kwenye matope, kichwa chini ya kombi, akilitazama tone likivimba kwenye ncha ya mpira. Likaanguka, na lingine likaanza.

"Nilikuambia," mama yake, Verdiane, alisema akiwa mlangoni. "Hapa ndani nilisikia harufu."

Mama huyo alikuwa na pua. Kila kombi ilipovuja, yeye ndiye aliyetangulia kujua.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Mzungu mmoja mpiga picha alilitelekeza hapa Masisi, Kongo, mwaka wa uhuru, likiwa na kitanda nyuma, juu ya injini. Viateur alikiacha kitanda hicho. Angepeleka maharagwe Walikale, njiani alale humo humo, arudi na mawese. Mipango yake yote ya maisha ilikuwa ndani ya gari lile.

Verdiane hakuitaka safari. Mwaka wa sitini na nne, wakati wa uasi, mumewe Mbonigaba aliteremka kwa njia hiyo hiyo ya Walikale, ile ya kupitia Kibua, asirudi, na hadi leo Verdiane hana hata kaburi la kupalilia. Siku hizi watu walikuwa wakipita salama, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Fundi Pierre alikuja, akapapasa pete ya chuma inayoubana mpira. Ilikuwa imelegea.

"Tena? Gari iko inasimama tu," Viateur alisema. "Inalegea namna gani?"

"Mupira imezeeka, kaka. Ikipata baridi inanywea." Pierre akatoa pete mpya, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Hii haitatoka yenyewe. Lakini kila asubuhi unuse kwanza. Ukisikia harufu, usiguse ufunguo. Esansi, hii petroli, ikianguka kwa moteri ya moto, unaungua, njo kufa."

"Atanusa," Verdiane alisema. "Siku zote ananusa."

Viateur alilala ndani ya kombi pamoja na magunia yake, madirisha wazi ili mvuke wa petroli usijikusanye. Baridi ya Masisi haina huruma, na juu ya hiyo mvua ilinyesha usiku kucha.

Kulipokucha alisikia mama yake akimwita kutoka nje, nyuma ya gari. "Ingia kwa nyumba ukunywe uji, iko mezani. Mimi naenda mutoni."

Alikunywa upesi, akatoka. Akainamia injini, akanusa kama alivyofundishwa. Akapiga chafya. Akafuta kamasi kwa mkono wa shati, akanusa tena, hakusikia kitu. Chini kulikuwa na maji ya mvua tupu. Akawasha.

Verdiane alikuwa bado mtoni aliposikia mngurumo. Mtungi ukamponyoka. Alipanda kilima mbio, kitenge kikimvuka, akiita, "Viateur, simama! Mutoto yangu, simama!"

Viateur alimwona kwenye kioo. Mama wote hulia mtoto akisafiri. Akapiga honi kumuaga, akateremka.

Moshi ulipanda kwenye kona ya chini, mweusi. Watu walikimbia na majembe, wakarusha udongo, wakarusha tena. Walipoweza kuufikia mlango, hapakuwa na mtu wa kuokolewa.

Kwenye matanga, Pierre alikaa peke yake uani, hakula. Majirani walikuwa wakimpita bila salamu, na mmoja alisema waziwazi kwamba fundi ameua mtoto wa mtu. Jioni alijikokota mpaka kwenye mkeka wa Verdiane, akapiga magoti.

"Mama, nilikaza na hii mikono. Labda sikukaza muzuri. Unisamehe."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Verdiane sasa alikuwa na wake ambao hakuna wa kumsaidia kuubeba. Alifungua fundo la kitenge chake, akamwekea Pierre kiganjani ile pete mpya.

Ilikuwa inang'aa. Moto haukuigusa.