Mguu wa Kushoto

Mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameitandaza sketi yangu kama kila asubuhi, tayari kuuinua mguu wangu wa kushoto kwa mikono yake.

Kwa miezi minne alinivisha hivyo. Tangu nijifungue, nikisimama kwa mguu mmoja tu, kiungo cha nyuma ya nyonga kilinichoma hadi machozi yakanitoka. Majirani walisema dawa yake ni kisu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia nikae kama ninavyokaa kwenye cherehani, akatikisa kichwa. Kumbe miaka yote nilikanyaga pedali yake kwa mguu mmoja, kiuno nimekipinda. Alinipa mkanda wa nyonga, na zoezi la kulala chali huku nimebana mto katikati ya magoti. "Kisu tukiache kwanza," alisema.

"Haya, bibi harusi, niegemee," akasema mama mkwe. Alinitania hivyo ili nisione haya, maana kuvishwa na mama wa mumeo si jambo dogo.

Nikamshika bega. Lilikuwa jembamba, lina joto. Mara nikaona mguu wangu umeinuka wenyewe, goti limekunjika, unaingia kwenye sketi.

Nikasubiri kuchomwa. Wapi!

Yeye bado alikuwa anapapasa sakafu, miwani ameiacha mezani.

"Wewe, mguu umeuweka wapi?"

"Umo ndani, mama."

Akainua uso, pindo la sketi mkononi.

"Hebu utoe tena," akasema, "nione."